Hewa Mara Mbili

Kiwanda cha chokaa kilicho kwenye njia ya Kipushi kina matanuri mawili. La kwanza hata mgeni hulijua: mnara mrefu wa matofali na chuma, unaotoa moshi mchana kutwa, na vumbi lake jeupe limelala juu ya mabati, juu ya majani ya mihogo na juu ya nguo ambazo akina mama wa jirani wamezianika. La pili halina hata jiwe moja. Limo ndani ya kompyuta, katika chumba cha kuongozea mitambo, na mtu aliyekaa nalo zaidi ya wote ni Edouard Kabanga.

Jina hilo la Kabanga, kwa watu waliotoka Kasai, halitolewi ovyo. Wakizaliwa pacha, wa kwanza ni Mbuyi na anayemfuata ni Kabanga. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba unaitwa Kabanga, hapo hapo atakuuliza, "Na Mbuyi eko wapi?"

Edouard alikuwa na jibu moja tu. "Alienda kuchota maji."

Mbuyi alikuwa amekufa. Kifua ndicho kilichomuua. Alifanya kazi kule juu ya tanuri, mahali mawe yanapomiminwa, na vumbi likamwingia likakataa kutoka. Lakini katika nyumba yao pacha akifa hakuna kulia. Shangazi yao mzee, aliyeusimamia msiba, alimshika Edouard mkono mlangoni. "Mbuyi hakufe," alimwambia. "Alienda kuchota maji. Ukilia atasikia, na atakuita."

Basi Edouard hakulia. Waombolezaji walikula, wakakunja mikeka, wakarudi makwao. Yeye akabaki anaishi kama mtu ambaye mwenzake amechelewa njiani.

Na alikuwa peke yake kweli. Mke alishafariki, watoto wako Kolwezi na hupiga simu siku za sikukuu. Nyumbani kwake Naviundu kulikuwa na viti viwili barazani, na kimoja hakikukaliwa. Kila asubuhi langoni mwa kiwanda alinunua mikate ya mafuta kwa mama Estelle, na Estelle, bila kuuliza, alifunga miwili katika karatasi mbili: "Ya Kabanga, na hii ya Mbuyi." Wa kwanza aliula na chai. Wa pili aliurudisha nyumbani jioni, umeshakuwa mgumu, akaumega kwa kuku wa jirani. Hakuna aliyemcheka. Mji huu unajua mambo ya pacha.

Ndipo akaja Dorine.

Dorine alikuwa injinia, binti mwembamba mwenye sauti kubwa, ametumwa kutoka ofisi ya katikati ya mji. Alifunga vipimo kwenye mwili mzima wa tanuri, akavuta waya hadi chumbani, akawasha kioo kikubwa. Mnara ukatokea kwenye kioo, na moto ndani yake, na hewa ikipanda kama nyuzi za buluu.

"Hii kintu njo nini?" akauliza Chishimba, msimamizi wa zamu, mtu asiyeweza kupita bila kutania.

"Jumeau numérique, chef. Njo mapasa ya tanuri," Dorine akajibu, akitumia neno la mji la pacha. "Ile ya inje ikipata moto, huyu anajua. Ikipata hewa, anajua. Byote binapita mu waya. Tukitaka kupunguza makaa, tunajaribu kwanza kwa huyu. Akisema mawe hayataiva, tunaacha. Ile ya inje haiharibike."

"Mapasa!" Chishimba akapiga makofi. "Kabanga, umeletewa ndugu! Mwamukie basi!"

Watu wakacheka. Edouard naye akacheka. Lakini wote walipotoka, alikisogelea kile kioo akasema polepole, "Jambo yako, Mapasa."

Niwaeleze kazi yenyewe, ili tusiachane njiani. Tanuri la chokaa hulishwa mawe na makaa ya mawe. Makaa yakipungua, jiwe linabaki bichi katikati, na migodi inayonunua chokaa inalirudisha. Kwa woga huo, miaka yote walikuwa wakizidisha makaa, na kilichozidi kikatoka juu kuwa moshi wa bure. Mapasa aliletwa aonyeshe ni wapi woga unaweza kupunguzwa. Mkurugenzi alimpa Dorine muda hadi mvua za kwanza: makaa yakishuka, mashine inabaki, yasiposhuka, inang'olewa.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mapasa akisema punguza, wanapunguza, na jiwe linatoka limeiva. Moshi ukawa mwembamba hata Estelle akasema siku hizi mikate yake haina tena unga wa chokaa juu.

Edouard alikuwa amepata mtu. Hivyo ndivyo alivyoona mwenyewe, ingawa hakumwambia yeyote. Alimsimulia Mapasa habari za Naviundu, mto ulivyopungua, simu ya mtoto iliyokatika kabla ya kuagana. Hakujibiwa, lakini zile nyuzi za buluu zilipanda taratibu, na hiyo ilimtosha.

Kadiri alivyozoea, kitu kikaanza kumtia haya. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga hewa ya tanuri. Akiona moto umelala, anabonyeza, feni inaongeza. Sasa anampa huyu wa nje, na huyu wa ndani anatazama tu? Mama aliyewazaa yeye na Mbuyi hakuwahi kuingiza shati moja nyumbani. Ukipaka huyu mafuta, unampaka na yule. Ukimchapa mmoja, mwenzake anapata kofi lake dogo, asije akajiona si mtoto. Na kwenye kioo palikuwa na kitufe cha hewa, kile ambacho Dorine hukitumia wakati wa majaribio. Siku moja Edouard alifungua hewa ya tanuri, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, akaongeza kiasi kile kile.

"Na weye," alimwambia. "Usikasirike."

Tangu hapo ikawa desturi.

Na tangu hapo Mapasa akaanza kuugua. Akawa anasema tanuri lina baridi, wakati vipimo vya nje vinasema moto upo. Ongeza makaa, anashauri. Wakaongeza. Ongeza tena. Moshi ukarudi mzito, nguo za akina mama zikawa za kijivu. Dorine alikagua waya moja moja, akapanda mnara na kitambaa usoni, akashuka mweupe kama aliyeanguka ndani ya gunia la unga. Hakuona kosa.

Edouard alipomwona Mapasa anavyodhoofika, alifanya analolijua: alizidisha uangalifu. Hakumkosesha fungu lake hata mara moja.

Mawingu yakaanza kujikusanya, na Chishimba akaleta habari bila mzaha wowote. "Mkurugenzi amechoka. Ijumaa banang'oa mashine. Na huyu mwana Dorine anarudia mu bureau ya mujini."

Edouard aliweka kikombe chini. Wanamtoa pacha mmoja tena. Safari hii mchana, mbele ya macho yake, na yeye atakaa kwenye kiti kile kile asilie.

Kesho yake Dorine alikuwa chini ya meza, anafungua waya ili akusanye vyombo vyake. Moto ukalala kidogo. Edouard akafungua hewa ya tanuri. Halafu, kwa huzuni, kwa kuwa huenda ni mara ya mwisho, akanyoosha kidole. "Na weye, ndugu yangu."

Dorine akatoa kichwa. "Papa Kabanga. Umefanya nini pale?"

"Nimemupatia yake."

"Yake nini?"

"Hewa. Ukipatia moya, unapatia na mwenzake. Weye mwenyewe ulisema beko mapasa."

"Kila mara?"

"Kila mara, mwanangu. Sikumuibia hata siku moya."

Dorine alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamwona usoni, na kicheko kikakatika. "Papa, hewa yake inamufikia kwa waya. Weye unamupatia tena. Ameshiba hewa ya bantu bawili, na hewa ikizidi inapoza moto. Njo maana anasikia baridi, njo maana anaomba makaa."

Edouard aliitazama mikono yake. Moshi wote ule, basi, ulikuwa wa mkono wake.

"Nilimupenda bibaya," akasema.

Feni ilivuma. Halafu akauliza jambo ambalo Dorine hakulitarajia: "Na ile waya ikikatika? Tanuri ya inje ikizimika kabisa, na huyu hana habari?"

"Anabaki na habari ya mwisho. Kwake moto ungali unawaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mutu amuambie, papa."

Edouard alivaa kofia yake akaenda kwa mkurugenzi, akijua anaweza kurudi bila kazi. Dorine alimfuata, lakini yeye ndiye aliyesema, kwa Kifaransa chake cha taratibu, kwamba aliyeharibu ni yeye, na kwa sababu gani. Mkurugenzi alitazama mawingu dirishani. Kisha akasema mvua bado haijanyesha, na ahadi ilikuwa mvua.

Dorine akamrudisha Mapasa mwanzo, akakifunga kile kitufe. Zamu zilizofuata Edouard aliongoza tanuri moja tu. Kila alipofungua hewa, mkono wake wa pili uliinuka wenyewe, naye akauweka chini ya paja. Kwenye kioo nyuzi za buluu zilipanda bila yeye, kwa kiasi kile kile. Hakuhitajiwa. Makaa yakaanza kushuka. Mvua ilipopiga mabati kwa mara ya kwanza, moshi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Chishimba alitoka nje kuhakikisha tanuri halijazimika. Mashine ikabaki, na Dorine naye.

Asubuhi iliyofuata, langoni, Estelle alichukua karatasi mbili kama kawaida.

"Moya tu, mama," Edouard akasema.

Estelle akacheka. "Na ya Mbuyi? Leo amekosa nini?"

Edouard alifungua mdomo, na lile jibu la maji likaja lenyewe mpaka mlangoni mwa meno. Akalimeza.

"Mbuyi alikufa," akasema.

Estelle akashusha koleo lake polepole. Akaondoa bakuli la sukari kwenye kigoda chake, akakifuta kwa kanga, akamsogezea. Edouard akakaa. Mkate wake mmoja ulikuwa wa moto mkononi, na hakuweza kuula, kwa sababu alikuwa analia, mbele ya watu wa zamu wote wakipita, na hakuna aliyemwita kutoka popote.