Mbuke na Ngitili ya Seng'enge

Mbuke alizaliwa Segese, akaolewa Kagongwa. Mumewe alipofariki, shemeji zake waligawana mifugo, wakamwachia nyumba, shamba la mtama, na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Hakulia mbele yao. Alimwambia shemeji yake mkubwa, Bujiku, "Wachukueni. Lakini huyu mwekundu mkimgusa, nitahamia mlangoni kwako na vyungu vyangu." Bujiku alimjua vizuri, hakumgusa.

Mwanawe wa pekee, Nkwabi, alikuwa Geita mgodini, na mgodi ukishamla kijana, mama yake hujitegemea. Kwa hiyo maisha ya Mbuke yalisimama juu ya yule ng'ombe. Maziwa yalimlisha, samli ilimpatia chumvi na nguo. Ng'ombe akifa, ingembidi arudi Segese kwa kaka yake, kuwatwangia wake za kaka mtama hadi azikwe. Aliyasema hayo mwenyewe, bila kunung'unika, kama mtu anayekuelekeza njia ya Isaka.

Mimi, Maduhu, nilikuwa mnunuzi wa ng'ombe, nazunguka kutoka Kahama hadi Isaka. Mwaka 1949 mvua zilikatika mapema, na ng'ombe aliyekonda, bei yake hupangwa na mnunuzi. Nilikuwa nimeshamtajia Mbuke bei yangu: mbuzi jike na gunia la mtama. Alinijibu, "Ngoja kwanza. Kuna mahali nasubiri jibu."

Mahali penyewe palikuwa karibu na nyumba yake. Mvua zilipokuwa zinaisha, walikuja watu wa utafiti: Mzungu mmoja mrefu, ambaye kwa kuwa alipiga magoti na kupekua majani tulimwita Bwana Nyasi, na karani wake Donatus, Msumbwa aliyesomea misheni. Walipima vipande vitatu vya ardhi kwenye mteremko. Kimoja walikizungushia seng'enge pasiingie mnyama yeyote. Cha pili wakakiacha wazi. Cha tatu wakakizungushia seng'enge na kukiwekea lango. Chini ya kila kipande walichimba mfereji unaoishia kwenye pipa. Walitaka kujua, mvua zijazo zikinyesha, ni maji kiasi gani yatazama ardhini na ni kiasi gani yatakimbia na udongo, mahali palipoliwa na mahali pasipoliwa.

Donatus alitueleza haya barazani kwa mtemi. Kisukuma chake kilikuwa cha kuazima. Akatafuta neno la ardhi ambayo mifugo hairuhusiwi, akasema, "Bwana anafunga ngitili."

Tulimwelewa mno. Kwetu ngitili ni nyasi zinazofungwa mvua zikiisha, na kufunguliwa jua likiwa kali, ili ng'ombe wa maziwa na wale dhaifu wapate kula. Na anayemsaidia mwenye ngitili kulinda, mnyama wake huingia siku ya kufungua. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Jambo hilo limo ndani ya neno lenyewe. Tena Donatus akaongeza kwa Mbuke, kwa kuwa ndiye jirani, "Mama Nkwabi, utuangalizie mifugo isipenye seng'enge."

Mbuke akaangalizia. Kiangazi chote alifukuza ng'ombe za watu kwa mawe na matusi. Alimrudisha hata Bujiku, aliyekuja na kundi zima.

"Wewe mwanamke, umeolewa na Mzungu?" Bujiku alimpigia kelele.

"Ningeolewa naye ungeniamkia asubuhi! Toa ng'ombe zako."

Mwezi wa tisa ng'ombe mwekundu alianza kuyumba akisimama. Mbuke akamfunga kamba, ndama wake akafuata nyuma, wakaenda kwenye seng'enge. Nami nikaenda, maana jibu lake lilikuwa jibu langu pia.

"Shikamoo, mama," Donatus alisema.

"Marahaba. Mnafungua lini?"

"Tunafungua nini?"

"Ngitili. Ng'ombe wangu huyu hapa."

Donatus alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, nikatazama pembeni. Ndipo alipotambua neno lake lilikuwa limeahidi nini. Akamweleza Bwana Nyasi kwa Kiingereza, muda mrefu, akijikuna shingo. Bwana Nyasi alivua kofia. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole: amesikitika, lakini kipande kile hakifunguliwi. Nyasi zikiliwa kabla ya mvua, mapipa hayatasema kitu. Atampa mama blanketi zuri kwa kazi yake ya ulinzi.

"Ng'ombe wangu hajifuniki blanketi," Mbuke alisema.

Nilimsogelea nikamwambia taratibu, "Mayu, mama yangu, mbuzi wangu bado yupo. Na mtama."

"Maduhu, nyamaza. Sijamaliza kuongea na wakubwa."

Mimi nimepatana na watu wengi sokoni. Wengi wakinyimwa walichoomba, hukasirika au huondoka. Mbuke alikaa chini, akashika kamba yake, akaangalia vile vipande kimoja kimoja kama anayechagua kitambaa dukani.

"Hiki hakiingiwi," alisema. "Sawa. Hiki cha wazi kimeshaisha, vumbi tupu. Na hiki chenye lango, mbona nyasi zimejaa na hakuna mnyama?"

"Hicho kina mnyama wake," Donatus alijibu. "Maksai wa serikali. Anatakiwa ale kwa kiasi, tuone. Lakini yuko Shinyanga, amezuiwa. Njia ina nzi wa ndorobo, daktari wa mifugo anakataa apite asije akapata ugonjwa."

"Atakuja lini?"

"Hatujui."

"Kwa hiyo mnangoja ng'ombe," Mbuke alisema, "na mimi nimesimama hapa na ng'ombe."

Donatus alicheka, kisha akaacha, akamtafsiria bwana wake. Bwana Nyasi hakucheka hata kidogo. Aliuliza ng'ombe ana umri gani, amezaa mara ngapi. Nilijua hapo kwamba nimeshakosa biashara. Anayeuliza umri ameshataka kununua.

Wakaanza kupatana. Bwana alitaka ng'ombe ashinde ndani mchana tu na apimwe uzito kila wiki. Mbuke akakubali. Bwana alitaka tena ndama asiingie, maana hesabu ni ya mnyama mmoja. Mbuke akakataa.

"Ndama akikosa kunyonya, maziwa yatakauka. Mtakuwa na utafiti, mimi nitakuwa na nini?"

Wakakubaliana ndama afungwe nje ya lango, anyonye jioni mama yake akitoka. Maziwa yanayobaki ni ya Mbuke. Blanketi pia alilichukua. Alisema hilo lilikuwa la ulinzi, na ulinzi alikuwa ameshaufanya.

Watu walimtania sana. Bujiku akipita aliuliza kama ng'ombe amepewa kofia na namba ya kazi. Ng'ombe hakunenepa, ila aliacha kuyumba, na katika kiangazi kile hilo lilitosha. Ndama alidhoofu, akapona.

Mvua zilipofika na mteremko wote ukachipua, Mbuke alikwenda langoni na kamba yake. Donatus alikuwa anakinga maji mekundu kutoka kwenye pipa la kipande cha wazi, viatu vimejaa tope.

"Unamtoa? Mama, hapana! Sasa ndiyo kazi inaanza. Tukibadilisha mnyama, yote yameharibika."

"Nyasi ziko kila mahali," Mbuke alisema. "Sina shida tena."

Donatus akamkimbilia bwana wake. Bwana Nyasi akaja bila koti, mvua inamnyeshea, akauliza mama anataka nini.

"Kiangazi kijacho, ndama naye aingie. Atakuwa amekua."

Bwana Nyasi alifikiri, akasema atazungushia seng'enge kipande cha nne.

Niliwakuta hapo, natoka Isaka. Nikamuuliza Mbuke, kwa kuwa kuuliza hakugharimu kitu, kama sasa yuko tayari kuuza.

"Huyu?" alisema, akifunga lango. "Huyu yuko kazini."