Kadi za Salamu za Nyanya

Juzi walimtuza yule mtangazaji wetu wa zamani. Nilimwona kwenye runinga nikikunja nguo, hapa Nakuru, mgongo ukiniuma kama kawaida yake. Wakasema ni tuzo ya taifa kwa waliotumikia utangazaji maisha yao yote. Wakasoma sifa zake: mpira, sherehe za kitaifa, taarifa za habari. Mzee wa watu alisimama pale ameshikwa mkono, na mimi nikaketi juu ya nguo zangu safi. Hawakusema lolote juu ya kipindi chake cha salamu redioni. Jamani, hata sentensi moja?

Wewe uliyekulia huku kwetu unakumbuka. Kadi ya salamu unainunua dukani, unajaza majina ya watu wako, unaitia posta, halafu unangoja Jumapili alasiri aisome. Kwa nyanya yangu, kule Molo, Jumapili ilinukia viazi vilivyochomwa jivuni na maua ya pareto yaliyoanikwa kwenye magunia. Betri nazo tulizianika juani, zipate nguvu ya kipindi kimoja tu. Mtangazaji akisema "hamjambo wasikilizaji", sote tuliitikia, hata babu aliyejifanya amelala. Kunyamaza kulikuwa utovu wa adabu.

Kadi za nyanya nilizijaza mimi, kwa kuwa yeye hakujua kuandika, na zilikuwa na jina moja tu, la mjomba. Mjomba aligombana na babu juu ya shamba, akaenda kufanya kazi kwenye malori, na hakuna aliyejua analala wapi. Nyanya hakuwa na anwani yake. Alikuwa na redio. "Popote alipo, huyu anamfikia," alikuwa akisema, akimaanisha mtangazaji.

Kisha akapata wazo ambalo mpaka leo linanichekesha na kuniliza. Alisadiki kwamba mtu anayemsalimia mwanawe kila Jumapili lazima ajue anakoishi. Basi watu wa redio walipokuja kwenye maonyesho ya kilimo mjini, alifunga kitambaa chake cha kanisani, akanishika mkono, tukawapita ng'ombe wa gredi na matrekta bila kuangalia, mpaka kwenye hema lao.

"Wewe ndio husalimianga kijana yangu," akamwambia mtangazaji. "Ako wapi?"

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimvutia nyanya kiti. "Mathe, mimi simwoni. Lakini kama ananisikia, nitamwambia."

Jumapili hiyo aliziweka kadi zote kando. Akamtaja mjomba kwa jina, akasema, "Mama yako amekuja kwangu kukutafuta. Mimi si mama yako. Enda nyumbani."

Mjomba hakuwa na redio, lakini Salgaa nzima, kituo cha malori alikokuwa, ilikuwa nayo. Madereva waliokuwa wakila hotelini walimgeukia, na mwenye hoteli akakataa kumpakulia. "Kwanza uende kwa mamako," akamwambia. Alifika kwetu kabla ya mavuno, amekonda, amebeba mkate na sukari. Babu akamuuliza kama amekula. Nyanya aliingia jikoni kuwasha moto.

Siku hizi vituo ni vingi mpaka nachoka kuvitafuta, na kila mtu ana chake sikioni. Mwanangu wa kwanza alitoka hapa kwa hasira, akafunga simu. Nimetuma ujumbe, nimewauliza marafiki zake, nimechoka kuambiwa nimpe muda. Zamani nilimwonea nyanya huruma. Sasa namwonea wivu, kwa sababu yeye alijua mwanawe anafikiwa na nani. Mimi ningejua wangu anasikiliza nani, ningevaa viatu sasa hivi.