Klarineti ya Mume wa Shangazi

Mwezi uliopita nilipanda mlimani, kijijini Ibaba, kwa mazishi. Tulipokuwa tukingoja jeneza litolewe ndani, kijana mmoja alifungua redio ya gari, na klarineti ikasikika kidogo kabla hajahamia stesheni nyingine. Nikainama, nikajifanya nafunga kiatu. Sikutaka watu wadhani namlilia marehemu kuliko wenye msiba.

Wewe uliyekulia milimani kwetu unazijua Jumapili za miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kutoka kanisani, viazi vinafukiwa kwenye majivu ya moto, na ukungu unapanda kutoka bondeni mpaka huioni nyumba ya jirani. Saa hiyo ndipo shangazi, dada yake baba, alipoitoa santuri yake ya betri, akaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, na kuifuta vumbi kwa upindo wa kitenge.

Shangazi alikuwa ameolewa ng'ambo, Zambia, na mtu wa kwetu aliyefanya kazi kwenye mgodi wa shaba. Mumewe alijifunza klarineti, ile filimbi nyeusi ndefu, kwenye bendi ya mgodini. Baadaye yeye na wenzake watatu wakaichoka miziki ya kuchezesha watu, wakarekodi sahani moja ya jazi ya namna yao, tulivu, isiyo na mwimbaji wala haraka. Klarineti mbili zilikuwa zikitafutana kama watu walioachana njiani. Ngoma ilipigwa kwa brashi, ungedhani mtu anafagia uwanja. Mara wote wananyamaza, halafu mmoja anaanza upya mahali usipotegemea. Sahani haikununuliwa. Mume akafa kwa kifua, na shangazi akarudi kwa mama yake, bibi yangu, bila mtoto, na santuri kichwani.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mara ya kwanza amevaa viatu vya kuchezea dansi. Alikaa upande mzima wa sahani, kisha akauliza kwa adabu wimbo wenyewe utaanza saa ngapi. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi hakucheka. Yeye aliuona mchezo ule kuwa wa kumaliza betri, nazo siku hizo zilipatikana kwa taabu, mpaka mtu ashuke mpakani Tunduma na mzigo wa maharage wa kuuza. Alizoea kusema, "Mfu hapigiwi filimbi akaamka."

Mimi nilipewa kazi ya kuanika betri juani ili zipate nguvu kidogo, kwa hiyo niliruhusiwa kukaa karibu. Ndipo nilipogundua kwamba shangazi hakuwa akisikiliza sana klarineti. Alikuwa akingoja mwisho. Muziki ukiisha, kabla sindano haijafika katikati, kuna mtu anakohoa, taratibu, kama anayejizuia.

"Huyo ndiye yeye," aliniambia siku moja. "Klarineti ziko mbili, siwezi kuapa ipi yake. Lakini kikohozi hiki nimelala nacho."

Akaniomba nisimwambie bibi. Bibi hakuwahi kumpenda mkwe yule aliyempeleka binti yake mbali.

Kisha ukaja ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Habari zilipanda mlimani zikiongezwa chumvi kila kituo. Tukasikia kwamba Tunduma watu wanatupa sukari na vitenge mtoni, na kwamba mwenye kitu cha nje kisicho na risiti anachukuliwa. Balozi akapita nyumba kwa nyumba, akasema kwa upole kwamba mwenye kitu cha namna hiyo ajue mwenyewe la kufanya.

Shangazi alikuwa shambani akichuma pareto. Nilipotoka mtoni na ndoo yangu niliona moshi mweusi nyuma ya jiko, wenye harufu kali ambayo si ya kuni wala ya takataka. Bibi alikuwa amesimama na mti mkononi, akiisukumiza sahani katikati ya moto pamoja na jalada lake. Santuri yenyewe ilikwisha kushika moto.

"Nina binti mmoja tu," alisema bila kunitazama. "Siwezi kumpelekea chakula gerezani."

Shangazi alirudi, akatazama majivu, akaenda kuosha mikono. Walikula pamoja jioni ile, na jioni zilizofuata. Hakuna askari aliyepanda kuja kwetu, si mwezi ule wala baadaye.

Miaka ikapita. Siku moja tukipukuchua mahindi, bibi, ambaye macho yake yalishaanza kufifia, alimuuliza bintiye ni kitu gani hasa alichokuwa anakipenda katika makelele yale. Shangazi akamweleza kuhusu kikohozi. Bibi aliacha gunzi likaanguka.

"Ungeniambia," alisema. "Ningeizika shambani, mwanangu. Ningeizika tu."

Shangazi akajibu kwamba aliogopa kuchekwa.

Wote wawili wamekwishatangulia. Nimeulizia Tunduma kwa wazee waliowahi kuvuka kwenda migodini, na hakuna anayeikumbuka bendi ile. Majina yao yalikuwa kwenye jalada, na sikuwahi kuyasoma. Walikuwa watu wanne waliojaribu kupiga kitu ambacho hakikuwapo duniani. Kikawapo kwa miaka michache, uani kwetu, na sasa hakipo tena.