Mjukuu wa Brian

Fundi mshonaji wa Yeoville, mama wa Tanga anayecheka kwa mabega, hakupimi kiuno kabla hajakuuliza watu wako. Futi i shingoni, pini zimejaa midomoni, na bado maswali yanapenya: wa nani, wa wapi, wazee hawajambo? Jumamosi moja ilikuwa zamu ya Mwalimu O'Brien, Mwailandi aliyekulia Nairobi, aliyeleta koti lipunguzwe mikono.

"O'Brien ndiyo nini, mwalimu?"

"Mjukuu wa Brian, mama. Ndiyo asili ya jina letu. Alikuwa mfalme kwetu."

"Mashallah! Na babu hajambo?"

"Alishafariki. Aliuawa vitani."

Fundi alitema pini kiganjani, akasimamisha cherehani, akajitanda khanga kichwani. Wateja wa kwenye benchi wakainuka mmoja mmoja kumhani mwalimu, kumpa mkono wa pole. Alitaka kueleza, lakini kahawa ilishamiminwa, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikitikia Brian mbele yake. Akainamisha kichwa, akapokea.

"Lini hasa, baba?" fundi akauliza taratibu.

"Yapata miaka elfu sasa."

Benchi zima likamtazama fundi. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Basi utuwie radhi, mwalimu. Tumechelewa kuja kuhani."