Hotuba ya Mjomba Niliyoifuta

Ni mimi niliyeifuta hotuba ya mjomba wa bibi arusi. Kwa miaka mingi nilisingizia umeme, kwa kuwa umeme wa Kisii miaka ya tisini ulikuwa na dhambi nyingi, moja zaidi haikuudhuru.

Siku yangu ya kwanza kwenye studio ya video za arusi, bosi, Mhindi mpole mwenye kalamu sikioni, alinionyesha kompyuta ya mtumba. "Ina Linux. Programu zile zingine za kuiendesha ni za kununua, hii bure. Umemaliza chuo kikuu, mwalimu, utaijua tu." Nilikuwa nimesomea historia.

Kazi ilikuwa hivi: unaunganisha deki ya video na kompyuta, kanda inacheza, picha zinanaswa kwenye diski, kisha unakata na kuunga. Diski ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulinasa arusi vipande vipande, na kanda ikarudi kwa mpiga picha arekodi nyingine juu yake. Nafasi ikiisha, unaandika amri ya kufuta. Linux ile haikukuuliza kama una uhakika. Ilikuheshimu kupita kiasi.

Ndivyo nilivyofuta dakika ishirini za mjomba wa Kemunto, bibi arusi wa Nyamache, nikidhani nafuta vipande vya jikoni, ambavyo kwa kawaida tulivitupa. Nilipokimbilia kanda, tayari ilikuwa na mazishi ya Suneka.

"Umeme, bosi," nilisema.

Aliitazama taa, ikiwaka vizuri. "Mama Kemunto akilalamika, mwalimu, utaenda kutafuta chaki na darasa kweli."

Nikajaza pengo kwa jikoni: wanawake wakisonga ugali, na Mama Kemunto mwenyewe, leso kiunoni, akicheza na mwiko.

Niliiacha kazi hiyo zamani. Wapwa zangu hukata video kwa kidole, na simu huwauliza mara mbili kabla ya kufuta. Siwaonei wivu. Ningeulizwa siku ile, ningetazama tena na kujibu hapana, na Jumatatu baada ya arusi kuwafikia Nyamache, simu ya studio isingelia.

Alikuwa Mama Kemunto, kwenye kibanda cha simu Nyamache. Bosi alinikabidhi simu kama barua ya kufukuzwa.

"Ni wewe uliyeweka jikoni?"

"Ndiyo, mama. Ile hotuba, umeme ulipo..."

"Wacha hotuba! Huyo ni ndugu yangu, tunamsikia kila Krismasi. Mimi nimepikia arusi tatu za watoto wangu, sijaona hata moja. Jana nimeona, na mimi nimo ndani! Wamama wamejaa kwangu wanataka irudiwe. Sasa sikia: Agosti namwoza binti yangu Nyaboke. Mwambie mpiga picha wenu aanzie jikoni."