Serikali Kwenye Benchi la Foni

Siku yangu ya kwanza kwenye foni, kule Majengo, Goma, patron, mwenye kazi, alinivalisha kaski masikioni, akaniambia: «Kijana, hapa utasikia mji muzima. Ukikutana na mutu sokoni, usimuulize habari ya mugonjwa wake mpaka akuambie yeye mwenyewe.» Ndiyo mafunzo yote niliyopewa.

Ninyi mliokua na simu mfukoni hamkuijua kazi hiyo. Foni ilikuwa redio ya betri ya gari, na waya mrefu juu ya miti miwili. Mtu alikuja kuongea na ndugu yake aliye machimboni Walikale. Mmoja akisema, mwingine hunyamaza mpaka asikie «à vous», yaani zamu yako. Sauti ilitoka kwenye spika, na waliongoja kwenye benchi walisikia yote. Kwa hiyo mambo ya ndani watu waliyasema kwa lugha ya kwao.

Vita ilipokaribia Kibati, nje kidogo ya mji, kila foni ya mji ililetewa ajenti wa usalama. Wetu aliketi kwenye benchi tangu asubuhi. Amri yake: Kiswahili au Kifaransa tu.

Siku moja Mama Kavira, mteja wetu, alinishika mkono mlangoni, akaninong'oneza kwa Kinande, lugha yetu. Mwanawe Paluku alipimwa damu kabla ya kwenda machimboni. Majibu yametoka, ni mabaya, na dawa ziko hapa Goma.

Kisha akamgeukia ajenti: «Chef, niongee na mutoto wangu Kinande, kidogo tu.»

«Hapana, mama. Serikali inapashwa kusikia.»

«Serikali ndiyo ilimuzaa?»

Benchi lote lilicheka, ila ajenti. «Adui naye anaongeaka kama mama.»

Mama Kavira akawatazama majirani zake, akashika maiki.

«Paluku, rudi nyumbani. À vous.»

«Kuna nini, mama? À vous.»

«Rudi tu. À vous.»

«Mama, shimo limeanza kutoa madini. Nitakuja Noeli. À vous.»

Mama alikuja tena na tena, na hakuweza kusema zaidi ya hayo. Ilipofika Noeli, Paluku alishushwa kwenye ndege ya mizigo akiwa amebebwa. Hakuuona mwaka mpya.

Kwenye matanga ajenti aliketi kando yangu. «Ile siku, mama alitaka kusema nini?»

«Chef, umuulize yeye.»

Alimtazama mama, hakuinuka.

Simu zilipoingia, foni ikafa, nami nikastaafu bila pensheni, bado kijana. Tangu hapo nimezunguka Bunia, Kisangani, kote; sikai mahali. Nikipita Majengo namsalimia Mama Kavira. Ana simu yake sasa. Lakini akiwa na neno la maana kwa binti yake, anasafiri mwenyewe mpaka Butembo, hata barabara ikiwa mbaya.