Mwanamke Waliyemwacha Nje ya Filamu

Ninyi vijana mnaopenda filamu, nisomeni vizuri. Shuleni sikukaa sana, lakini uongo sikufundishwa. Haya yalitokea hapa kwangu Itetemia, jua likiwaka, na niliyaona kwa macho yangu.

Mzee wangu ana kitabu cha msafara wa wapagazi, kutoka Ujiji hadi pwani. Tangu anioe ananisomea. Humo yumo mwanamke, Nyamizi, mwenye mwanya, anayetembea nyuma ya msafara na chungu cha chumvi kilichomeguka mdomo. Akikutana na simba, yeye ndiye anayemfukuza, kwa mchi! Kila akifika kwa Nyamizi, sauti ya mzee inalainika. Mimi sauti hiyo sijawahi kusemeshwa. Mwanamke wa karatasi, na bado ananikosesha usingizi.

Basi mjukuu wangu Zuhura akaleta filamu ya kitabu hicho, tukaiangalia mchana. Takataka! Wapagazi wamevaa raba, nywele zimetoka saluni, msafara mzima haujazi hata kibaraza changu. Na Nyamizi hayumo. Mahali pake wamemweka binti wa kope za kubandika, analia mwanzo mpaka mwisho.

"Nyamizi wangu wamempeleka wapi?" mzee akauliza.

Wangu! Mbele ya wajukuu! Ila moyoni, niaminini, nilipiga vigelegele kwamba hayumo.

Laasiri nimemaliza kufagia uwanja, nikasikia hodi. Msichana amesimama, vumbi mpaka magotini, chungu kichwani. Mdomo wa chungu umemeguka.

"Shikamoo, bibi."

Bibi, eti. "Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kwa wenzangu. Wamenifukuza msafarani." Akatabasamu, nikauona ule mwanya. "Nitue, bibi, shingo inaniuma."

Kwetu mgeni mwenye mzigo haachwi amesimama. Ukishamtua umemkaribisha, ni wa nyumbani kwako. Sasa huyu ningemtua vipi? Wewe ungemtua?

"Kichwa ni chako," nikamwambia. "Tua mwenyewe, au endelea na safari."

Mzee akaniita kutoka ndani: "Mama Salma, mbona humtui mwenzio?"

Mwenzio! Wala sikuwa nimemwambia nani yuko nje. Na mzee huyo, ambaye kwenda chooni mpaka ashikwe mkono, akatoka peke yake bila fimbo, akanyoosha mikono miwili, akakipokea chungu kama anapokea mtoto mchanga.

Niligeuka kumwita Zuhura. Kurudisha macho, msichana hayupo, chungu hakipo. Mzee kasimama anacheka, viganja vimejaa chumvi. Nyayo za kuingia zilikuwa wazi kwenye uwanja niliofagia. Za kutoka hakuna. Zuhura naye alizitafuta mpaka adhana ya magharibi.

Tangu siku hiyo mzee anatembea vizuri, na kitabu hakitaki tena. Anasema hana haja nacho. Jioni nikawa namsikia anaongea chumbani kwake, kwa sauti ile ile laini. Na mboga zangu, wallahi, zinakolea chumvi kabla sijaitia.

Kwa hiyo mkimwondoa mtu kwenye hadithi, jueni atatafuta pa kulala, na ataenda kwa aliyempenda. Sijui kwenu mtafanyaje. Mimi kwangu juzi nilitoa amri, na Zuhura na wenzake waliitekeleza siku ile ile: kitanda cha mzee kihamishiwe chumbani kwangu, kisukumwe mpaka kiguse ukuta, na upande wa nje nalala mimi.